Kusema umechoka kwa Kihispania na Kiingereza: mwongozo kwa wanaopokea wageni Mwanza

Neno "nimechoka" lina kazi nyingi mno. Kuli anayeshusha magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba amechoka. Abiria aliyeshuka Nyegezi baada ya zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam amechoka. Mama mwenye nyumba anayepewa ahadi ileile ya kodi kila mwezi amechoka naye. Shati lililofuliwa mpaka likapauka limechoka, na kijana asiye na hata nauli ya daladala, wenzake wanasema "jamaa amechoka". Binti akisimuliwa kituko anaziba mdomo: "Hee, nimechoka mimi!"

Sisi tunaelewana bila shida, kwa sababu sura, sauti na mahali vinatuambia ni kuchoka kupi. Kiingereza na Kihispania kila kimoja kina maneno tofauti kwa hali hizo. Ndipo mhudumu wa mapokezi, mwongoza watalii, muuguzi au karani wa kiwanda cha minofu anapoteleza: analijua neno moja tu na kulitumia kila mahali, mgeni akaelewa jambo jingine kabisa. Mwongozo huu unafuata njia moja, ya kuamua kwanza ni uchovu gani kisha kutafuta neno lake.

Hatua ya 1: Amua ni uchovu gani

Kabla hujafungua mdomo, jiulize kilichochoka ni nini.

Kama ni mwili au akili baada ya kazi au safari, Kiingereza ni "tired" na Kihispania ni "cansado". Kama ni macho yanayotaka kufumba, ni "sleepy" kwa Kiingereza na "tengo sueño" kwa Kihispania. Kama ni moyo uliokinai, umechoshwa na jambo na hulitaki tena, ni "fed up" na "harto". Mwili ukiwa hauna nguvu kwa sababu ya homa, ni "weak" na "débil". Shati au kiti kilichochakaa ni "worn out" na "gastado". Kijana aliyeishiwa ni "broke"; Mhispania atasema "está sin un duro". Yule binti wa "nimechoka mimi" hana uchovu wowote, ameshangaa: "I can't believe it!" na "¡No me lo puedo creer!"

Hatua hii ni ya sekunde mbili tu, lakini inazuia makosa mengi kuliko hatua nyingine zote zilizo hapa chini.

Hatua ya 2: Jenga sentensi ya msingi

Kwa Kiingereza sema "I'm tired". Makosa yanayosikika sana ni "I have tired", "I am tire" na "I tired". Chanzo chake ni ile -me- ya "nimechoka". Kwetu kuchoka ni kitenzi, na -me- inaonyesha hali iliyokwisha kuingia na bado ipo. Mwanafunzi anatafuta kitenzi cha namna hiyo na hakipati, kwa sababu Waingereza hapo hutumia sifa pamoja na "am", "is" au "are", kama sisi tunavyosema "mimi ni mrefu". Ukishalikubali hilo, sentensi zote zinanyooka: "She's tired", "We're tired", "Are you tired?"

Kihispania kinakwenda vivyo hivyo, "Estoy cansado", lakini kinakudai mambo mawili zaidi.

La kwanza ni upatanisho. Mwanamume husema "cansado", mwanamke "cansada". Kundi la wanaume au lililochanganyika ni "cansados", wanawake watupu ni "cansadas". Mwanamume mmoja akiwa kati ya wanawake kumi na tisa, bado ni "cansados". Kiswahili hakitofautishi mume na mke, lakini mzungumzaji wa Kiswahili amezoea sifa inayofuata jina: kiti kizuri, mti mzuri, maji mazuri. Itende hivyohivyo, kwamba mtu ndiye anayeivuta sifa. Mwongoza watalii mwanamke asikariri sentensi ya mwenzake wa kiume na kusema "Estoy cansado". Ataeleweka, ila sikio la mgeni litastuka.

La pili ni kuchagua kati ya "ser" na "estar", vitenzi viwili ambavyo sisi tungevifasiri vyote kwa "kuwa". Hali ya mtu kwa wakati huu ni ya "estar": "Estoy cansada". Ukisema "Soy cansada" unajitangaza kuwa mtu anayechosha wenzake. Kazi au njia inayochosha ndiyo inayochukua "ser": "Este camino es muy cansado", njia hii inachosha sana. Wageni wa Ajentina, Uruguay na Chile wanapendelea "cansador" hapo. Neno linalokubalika kote kwa kitu kinachochosha mno ni "agotador".

Kiingereza nacho kinatenganisha mchoshi na mchokaji, kwa mwisho wa neno. Anayehisi ni "tired", kinachosababisha ni "tiring". "The climb is tiring" ni kupanda kunachosha. "The climb is tired" haina maana. "Exhausted" na "exhausting" hufuata mkondo huo, vilevile "bored" na "boring". Hapa kuwa mwangalifu kweli: "I am boring" ni kusema wewe mwenyewe huna mvuto.

Sasa nyakati. "Nimechoka tangu asubuhi" kwa Kiingereza si "I am tired since morning" bali "I've been tired since this morning". Kihispania kinakaa karibu nasi: "Estoy cansado desde esta mañana", kwa wakati uliopo. Kina pia namna nzuri ya kuhesabu muda kwa kitenzi "llevar": "Llevo tres días cansada", nina siku tatu nimechoka. Jifunze muundo huu mapema, utakufaa hata kwenye "nina miaka mitano hapa".

"Nilichoka" inagawanyika. Ukieleza hali uliyokuwa nayo, ni "I was tired" na "Estaba cansado". Ukieleza jinsi ilivyokuingia, ni "I got tired" na "Me cansé". Nayo "naanza kuchoka" ni "I'm getting tired" na "Me estoy cansando". Hii ya mwisho ina thamani kubwa kwa anayepandisha watu miamba ya Saanane jua likiwa kali. Usisubiri mgeni afike mwisho wa nguvu. Mwambie mwanzoni kabisa: "Tell me when you start getting tired", au "Avíseme cuando empiece a cansarse". Kwa kundi, "Avísenme cuando empiecen a cansarse".

Hatua ya 3: Usingizi uwekwe peke yake

Mtu anaweza kuwa hoi asiwe na usingizi, na mwingine akasinzia bila kufanya kazi yoyote. Kwa Kihispania mzungumzaji wa Kiswahili anaanza na mtaji: "nina usingizi" ni "tengo sueño" neno kwa neno, kama vile "nina njaa" ni "tengo hambre" na "nina kiu" ni "tengo sed". Shida wanayo waliozoea Kiingereza, wanaotafuta "estoy" hapo. Wewe fuata Kiswahili chako.

Mitego ni miwili. Kwanza, "sana" hapa ni "mucho": "Tengo mucho sueño". Ni "muy cansado" lakini "mucho sueño", maana la kwanza ni sifa na la pili ni jina. Pili, ukiongeza "un" ukasema "Tengo un sueño", umesema unayo ndoto, kwa sababu "sueño" ni usingizi na ni ndoto pia.

Usingizi ukimshika mtu ghafla, Hispania husema "Me ha entrado sueño", na Amerika ya Kilatini husema "Me dio sueño". Kope zikiwa nzito: "Se me cierran los ojos". Kiingereza: "I'm sleepy", na kwa msisitizo "I can't keep my eyes open". Kusinzia kidogo kwenye kiti ni "nod off" au "doze off", kwa Kihispania "dar una cabezada". Usingizi mfupi wa mchana ni "take a nap" na "echarse una siesta".

Kihispania kina vitenzi viwili ambavyo mtu wa ziwani atavipenda. "Madrugar" ni kudamka, na "trasnochar" ni kukesha. Kiingereza hakina kitenzi kimoja kinachozoeleka kwa lolote kati ya hayo; kinazunguka na "get up very early" na "stay up late". Mgeni akikuta mwalo umetulia saa tano asubuhi, mitumbwi imeegeshwa na watu wamelala kivulini, atauliza kulikoni. Mweleze: "The fishermen were out on the lake all night, so they're sleeping now." Kwa Kihispania: "Los pescadores han pasado la noche en vela en el lago y ahora duermen." Uvuvi wa dagaa kwa taa unategemea giza, hivyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika. Hilo nalo lina sentensi yake fupi: "Cuando hay luna llena, descansan", kwa Kiingereza, "They rest when the moon is full".

Hatua ya 4: Pima ukali, kisha angalia mgeni anatoka wapi

Kiswahili kina ngazi yake: nimechoka kidogo, nimechoka, nimechoka sana, niko hoi, niko hoi bin taabani. Lugha hizi mbili zina ngazi pia, lakini ngazi za juu hubadilika kwa nchi.

Chini kabisa kuna "a bit tired" na "un poco cansado". Fahamu kwamba Mwingereza akisema "a bit tired" mara nyingi amechoka kweli, na adabu yake tu inampunguzia maneno. Mpe kiti.

Katikati ni "very tired" na "muy cansado". Kihispania kinaweza kuvuta neno lenyewe kuwa "cansadísimo", au "cansadísima" kwa mwanamke.

Juu ni "exhausted" na "agotado". Maneno haya tayari yamefika kileleni, kwa hiyo "very exhausted" husikika vibaya. Sema "absolutely exhausted" au "completely exhausted", na kwa Kihispania "completamente agotada". Haya ndiyo salama kwa kila mgeni, kwenye barua ya kiofisi na mezani. Mtu akitaka neno moja tu la ngazi ya juu kwa kila lugha, tungemshauri achukue haya na aachane na mengine mpaka atakapozoea.

Baada ya hapo ni lugha ya mtaani. Mwingereza husema "I'm shattered" au "I'm knackered". La pili ni la kirafiki mno, lisitumike kwa mgeni rasmi. Ukimwambia Mmarekani "shattered" anaweza kufikiri umevunjika moyo kwa msiba. Mmarekani husema "I'm beat". Usiliongeze herufi: "I'm beaten" ni nimeshindwa, au nimepigwa. "Worn out" na "wiped out" zinakubalika pande zote mbili za Atlantiki. "Drained" inafaa zaidi akili na hisia zikichoka, kwa mfano baada ya kuuguza. Kutafsiri "nimekwisha" kuwa "I am finished" hakufai. Wengi wataelewa umemaliza kazi, au kwamba mambo yako yameharibika.

Upande wa Hispania utasikia "Estoy hecho polvo", yaani nimekuwa vumbi. Mwanamke husema "hecha polvo". Ni usemi wa kawaida kabisa, ila uuchukue mzima mzima. Neno "polvo" likiunganishwa na kitenzi "echar" huwa lugha chafu huko Hispania, kwa hiyo usianze kulicheza. "Estoy molido" ni nimesagwa, "Estoy rendida" ni nimeshindwa na uchovu, "No puedo con mi alma" ni hata roho yangu siwezi kuibeba. "Estoy para el arrastre" imetoka kwenye mchezo wa fahali, ambapo "arrastre" ni kumburuta fahali aliyeuawa kumtoa uwanjani. Mgeni wa Ajentina au Uruguay atakuambia "No doy más" au "Estoy fundido", na kwa Kihispania cha kote "No puedo más" itaeleweka. Hiyo ya mwisho inafaa pia mtu akishiba sangara wako na wewe bado unamwongezea.

Mavune, yale maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake baada ya kupanda mlima au kupiga makasia, Hispania huitwa "agujetas": "Tengo agujetas en las piernas". Usimwambie hivyo Mmeksiko, maana kwake "agujetas" ni kamba za viatu. Kwa Kiingereza sema "My legs are sore" au "I'm stiff".

Hatua ya 5: Taja sababu bila kumkasirisha mtu

Hapa ndipo penye hatari zaidi kuliko hatua zote, na neno lenyewe ni dogo kama siafu.

Kwa Kiingereza "tired from walking" ni nimechoka kwa sababu ya kutembea. Mwili umechoka, ila kesho nitatembea tena kwa furaha. "Tired of walking" ni nimechoka na hii habari ya kutembea, sitaki tena. Mhudumu anayesema "I'm tired of work" akimaanisha kazi ya leo ilikuwa nzito, amemwambia mgeni, au bosi, kwamba kazi yenyewe haitaki. Kiswahili kina tofauti hiyo: "nimechoka kwa kazi" si "nimechoka na kazi". Ile "kwa" iende na "from", ile "na" iende na "of". Ukiona shaka, acha kihusishi kabisa useme "I'm tired. It's been a long day."

Kihispania kinatumia "de" kwa yote mawili. "Estoy cansado de caminar" inaweza kuwa mwili au moyo, na msikilizaji anatazama uso wako. Unapotaka mwili tu, sema "Estoy cansada por el viaje", au utaje safari kwanza: "Ha sido un viaje largo y estoy cansada". Unapotaka moyo tu, tumia "harto": "Estoy harto de esperar". Hilo ni zito. Mgeni akikuambia "Ya estoy harta" kwenye kaunta, hajakuambia anataka kulala. Amekinai, na unatakiwa kuita msimamizi au kulimaliza lile tatizo la chumba sasa hivi. Yanayolingana nalo ni "Estoy hasta las narices", nimejaa mpaka puani, na "Estoy hasta la coronilla", mpaka utosini. Kwa Kiingereza ishara za namna hiyo ni "I'm fed up with this" na "I'm sick and tired of this". Kwenye hiyo ya mwisho hakuna ugonjwa wowote, usimpeleke zahanati.

Mgeni mwenye harto na mgeni mwenye cansado wanahitaji huduma tofauti: mmoja majibu, mwingine kitanda. Mfanyakazi wa mapokezi ambaye sikio lake linatofautisha maneno hayo mawili anafaa kuliko aliyekariri kurasa za msamiati.

Hatua ya 6: "Pole" itafutiwe njia nyingine

Kwetu huwezi kumpita mtu mwenye jembe au nyavu bila "pole na kazi", wala kumpokea mgeni bila "pole na safari". Ukilitafsiri neno hilo kuwa "Sorry for the journey" au "Lo siento por el viaje", mgeni anaelewa unaomba radhi, anaanza kujiuliza umekosea nini au kuna nini kimeharibika. "Sorry for work" haieleweki kabisa.

Kilichomo ndani ya pole ni kutambua jitihada ya mwenzako. Waingereza hutambua kwa swali au kwa kukisia: "How was the trip?", kisha "You must be exhausted". Wahispania hutumia wakati ujao wa kitenzi kukisia jambo la sasa: "Estará usted cansada", bila shaka umechoka, mama. Kwa wengi ni "Estarán cansados". Wahispania kwa Wahispania, wenye kuzoeana, husema "Estaréis cansados", na namna hiyo ya "vosotros", ninyi ya kuzoeana, haitumiki Amerika ya Kilatini. Kwa mgeni usiyemjua anza na "usted", wewe ya heshima, na "ustedes" kwa wengi, nchi yoyote anakotoka. Akitaka ukaribu atakuambia mwenyewe.

Kwa mtu aliye kazini, Mhispania hupewa moyo kwa "¡Ánimo!" Kiingereza hakina neno moja la kila mahali, "You're working hard!" kwa sauti ya upole inatosha. Usiku, mgeni akichukua ufunguo, mwambie "Que descanse", upumzike vema. Kwa wengi ni "Que descansen". Kwa Kiingereza, "Have a good rest" au "Sleep well".

Jihadhari na "You look tired". Kwetu "unaonekana umechoka" ni huruma. Kwa Mwingereza au Mmarekani, hasa mwanamke asiyekufahamu, ni kama kumwambia sura yake imeharibika leo. "Tienes cara de cansada" kwa Kihispania nayo ni ya watu wanaojuana. Kisia kutokana na safari, usikisie kutokana na uso.

Mazungumzo mafupi ya mapokezi, kwa mgeni aliyeshuka kutoka Serengeti kupitia lango la Ndabaka, yanaweza kwenda hivi:

"Bienvenida. ¿Qué tal el viaje?" (Karibu. Safari ilikuwaje?)
"Muy largo. Estoy hecha polvo." (Ndefu sana. Niko hoi.)
"Claro, tanto camino. ¿Quiere descansar antes de la cena?" (Bila shaka, njia yote hiyo. Ungependa kupumzika kabla ya chakula cha jioni?)
"Sí, por favor. Tengo más sueño que hambre." (Ndiyo, tafadhali. Nina usingizi kuliko njaa.)
"Aquí tiene la llave. Que descanse." (Ufunguo huu hapa. Upumzike vema.)

Kwa Kiingereza, swali la katikati ni "Would you like to rest before dinner?" Usiulize "Do you want to sleep?", linasikika kama kumtibu mtoto. Na chumba cha kupumzikia usikiite "restroom": kwa Mmarekani hicho ni choo. Kiite "lounge".

Ukiulizwa wewe "How are you?" mwisho wa zamu, si lazima useme "fine" na macho mekundu. "A bit tired, but good" na "Un poco cansado, pero bien" ni majibu yenye adabu na ukweli.

Kusaidia kukisia, kumbuka saa za huko walikotoka. Hispania iko nyuma yetu saa 2 majira yao ya baridi na saa 1 majira ya joto, kwa hiyo Mhispania aliyechoka amechoshwa na kiti cha ndege na barabara, si na saa. Uingereza iko nyuma saa 3 au 2. Buenos Aires ni saa 6, New York ni saa 8 au 7, Mexico City ni saa 9. Hao wa mwisho ndio wanaoamka saa nane usiku na kusinzia mezani mchana; hali hiyo ni "jet lag" kwa Kiingereza, na Wahispania hutumia neno hilohilo, au "desfase horario" kwenye maandishi.

Hatua ya 7: Zahanati

Mgonjwa wetu husema "mwili umechoka" na daktari anafikiria malaria. "My body is tired" haimpi daktari wa kigeni picha hiyo. Sema "I feel weak and I ache all over", na kwa Kihispania "Me siento débil y me duele todo el cuerpo". Neno "débil" halibadiliki kwa mume na mke. Mmeksiko anaweza kusema "Tengo el cuerpo cortado", mwili unamuuma kama anayeingiliwa na homa.

Kwa muuguzi, maswali matatu yanatenganisha mengi. La kwanza: "How long have you been feeling tired?", "¿Desde cuándo se siente cansado?" La pili: "Are you dizzy?", "¿Está mareada?" Kuwa makini hapo, maana "mareado" ni kizunguzungu na ni pia kichefuchefu cha chomboni, aliyeshuka kivuko cha Ukerewe siku ya mawimbi anaweza kuwa "mareado" bila kuumwa. La tatu: "Are you short of breath?", "¿Le falta el aire?"

Neno "fatiga" ulipokee kwa tahadhari. Kitabuni ni uchovu, lakini kusini mwa Hispania "fatigas" huweza kuwa kichefuchefu, na Karibiani "fatiga" ni kubanwa pumzi. Uliza tena kabla ya kuandika kwenye faili. Dawa inayoleta usingizi: "This medicine may make you drowsy", "Esta medicina da sueño".

Hatua ya 8: Matamshi

"Tired" haitamkwi "ta-i-redi". Ni "tayad", na "d" ya mwisho imeguswa tu. "Exhausted" ni "igzostid": h haisikiki, na hapa "-ed" inatamkwa kamili kwa sababu imetanguliwa na t. "Knackered" haina k mwanzoni. "Weary", neno la kimaandishi la uchovu wa muda mrefu, ni "wiari". Ukisema "weari" umetamka "wary", mwenye tahadhari.

Kihispania kinatusaidia. Mkazo wa "cansado" na "agotado" uko silabi ya pili kutoka mwisho, palepale pa Kiswahili. Ñ ni "ny" yetu: "swenyo". H haitamkwi, kwa hiyo "harto" ni "arto" na "hecho" ni "echo". J ya "agujetas" ni "kh" ya "kheri" kwa anayeitamka Kiarabu. D ya "cansado" ni laini kama "dh" ya "dhahabu", na Wahispania wengi huimeza wakasema "kansao". C ya pili ya "cansancio", uchovu, ni "th" ya "thelathini" sehemu kubwa ya Hispania na ni "s" ya kawaida Amerika ya Kilatini. Chagua moja na ushikamane nayo.

Herufi ya kulinda kuliko zote ni "n" iliyo katikati ya "cansado". Ikidondoka, umesema "Estoy casado", nimeoa. Mwanamke akisema "Estoy casada" ametangaza kwamba ameolewa. Jizoeze kwa kuishikilia n kidogo kabla ya s: kan-sado, kan-sada. Jirekodi kwa simu ukisema "Estoy cansada por el viaje, pero no estoy harta" na "I'm tired from the trip, but I'm not tired of it", kisha sikiliza mambo manne: n ipo, mwisho wa neno unalingana na jinsia yako, "tired" haijawa "ta-i-redi", na "from" na "of" hazijabadilishana nafasi.